Apolo Kivebulaya wa Boga, mtu aliyetiwa moyo gizani



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa wa zamani. Mara nyingi ni watu wa mbali, wa Ulaya ao wa Marekani, na tunafunga kurasa tukifikiri kwamba Mungu alitembea zaidi kule kuliko huku. Kwa hiyo mara hii nimechagua mtu wa karibu, Mwafrika kama sisi, ambaye kaburi lake liko katika inchi yetu ya Kongo, kule Boga, katika Ituri. Jina lake ni Apolo Kivebulaya.

Lakini kwanza niwaambie sababu ya kumchagua yeye, maana iko sababu.

Mwanzo wa mwaka huu waliniweka kuwa doayeni wa shule. Mulinipigia makofi, na mimi nilicheka, lakini usiku sikulala. Nilijiuliza mimi ni nani hata niwaongoze wenzangu. Niliona wale waliokuwa na akili kuniliko, na wale wenye sauti kubwa kuniliko. Asubuhi ya kwanza, kwenye mustari mbele ya bendera, nilisahau hata maneno ya kutangaza, na wadogo wa kalasi ya kwanza wakacheka. Tangu siku ile nilikuwa nikibeba filimbi mufukoni kama mtu anayebeba mali ya wizi. Mara mbili nilienda mpaka mbele ya biro ili niirudishe, na mara mbili nikageuka.

Kisha kukatokea jambo lingine. Ndugu mmoja wa kalasi za chini, ambaye sitamtaja, alichelewa siku tatu. Nilimwandika katika orodha bila kumwuliza neno. Siku ya ine alinikuta njiani, akaniambia polepole kwamba yeye ameona wazi si mtu wa masomo. Amepoteza miaka miwili juu ya kukimbia vita, sasa anakaa benchi moja na watoto wadogo, wanamwita mzee, na hesabu haziingie. Alisema ni afazali afuate kaka yake kwenye machimbo. Mimi sikujua la kumjibu. Ningemjibu nini? Mimi mwenyewe nilikuwa na neno lile lile moyoni. Tangu siku ile ya Juma tatu hajarudi.

Ni katika siku zile mzee mmoja wa Kanisa alinielezea habari za Apolo. Nilitafuta zaidi, nikaandika. Basi, sikilizeni.

1. KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Apolo alizaliwa karibu na mwaka wa 1864 katika ufalme wa Buganda, inchi ambayo leo ni Uganda, katika sehemu ya Singo. Alizaliwa pacha. Kwa desturi ya Waganda pacha wa kwanza, kama ni mwanaume, anaitwa Waswa, na wa pili Kato. Yeye alikuwa Waswa. Wazazi wake hawakuwa Wakristo wala watu wakubwa wa jumba la mfalme. Walikuwa watu wa kawaida, kama wazazi wa wengi wetu.

Katika miaka ile Buganda ilikuwa inchi ya machafuko. Wamisionari Waprotestanti walikuwa wamefika tangu mwaka wa 1877, na Wakatoliki mwaka wa 1879. Waislamu walikuwa wamewatangulia. Kila dini ilikuwa na watu wake kwa mfalme, na tangu mwaka wa 1888 kukawa vita vya wazi kati yao. Kijana Waswa alishika silaha sawa na vijana wengine. Alipigana kwanza upande wa Waislamu, kisha akahamia upande wa Wakristo. Alikuwa amesikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyejua kutengeneza vyuma na kuchapa vitabu, lakini kusikia si kuamini. Kwa miaka mingi Neno lilikaa ndani yake kama mbegu ya maharagi ndani ya udongo mkavu.

Ninataka tuangalie jambo hili. Apolo hakuwa mtoto wa Shule ya Jumapili aliyekua vizuri toka mwanzo. Alikuwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alipoanza kusoma kwa ajili ya ubatizo alikuwa na umri wa karibu miaka 30. Wewe unayeona haya juu ya kukaa kalasi moja na wadogo, kumbuka mtu huyu.

Alibatizwa mwaka wa 1895, akachukua jina la Apolo, yule mhubiri tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Jina lake lingine, Kivebulaya, watu walimpa juu ya nguo. Alipenda kuvaa koti jekundu la kiaskari la Wazungu pamoja na kanzu yake nyeupe. Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la kuchekesha, sawa na majina tunayopeana hapa shuleni, lakini yeye alilibeba mpaka kaburini bila aibu, na leo kuko makanisa na watu wanaoitwa kwa jina lile.

2. SAFARI YA KUFIKA BOGA

Katika mwaka ule ule wa 1895 Apolo alitumwa kuwa mwalimu wa Injili katika ufalme wa Toro, chini ya milima ya Ruwenzori, upande wa Uganda. Mfalme wa Toro, Kasagama, alikuwa akipenda mafundisho, akabatizwa mwaka wa 1896 kwa jina la Daudi. Pale Toro mwalimu aliweza kuishi vizuri. Watu walisikia, mfalme alisaidia, chakula kilikuwako.

Lakini ng'ambo ya Ruwenzori, magaribi ya mto Semliki, kulikuwa pahali panapoitwa Boga. Zamani waliandika Mboga. Chifu wa pale, sisi tungesema mwami, aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwenda huko mbele, lakini Tabaro alikataza watu wasiwape chakula, nao wakashindwa, wakarudi. Sasa nani atakwenda? Apolo alisema atakwenda yeye.

Alifika Boga mwisho wa mwaka wa 1896. Ile njia tuiwaze kidogo sisi watu wa milima. Unapita mguuni mwa Ruwenzori, mlima ambao kichwa chake kina barafu siku zote. Unashuka katika bonde la Semliki lenye joto, nyama wakali na mto mkubwa, kisha unapanda tena kwa miguu mpaka Boga. Apolo alichukua vitabu vya kusomesha, na alichukua jembe. Alikuwa amejifunza kutokana na wale wawili waliorudi. Kama watu watamnyima chakula, basi atalima chake. Nimependa sana jembe lile. Kuko watu wanaofikiri kwamba mtu wa imani anakaa mikono mitupu akingoja. Apolo aliomba Mungu, na jembe lilikuwa begani.

3. MATESO

Mwanzoni Tabaro hakumkatalia. Watu wakaanza kuja kusoma, kibao kwa kibao, herufi kwa herufi. Lakini wakati mafundisho yalianza kugusa maisha, juu ya pombe, juu ya wake wengi, juu ya dawa za waganga, Tabaro alikasirika. Akaona mgeni huyu anaharibu inchi yake. Alikataza watu wamusikilize. Apolo alipigwa fimbo. Wale waliokuwa wamekuja kusoma waliogopa. Mwalimu akabaki karibu peke yake na jembe lake.

Kisha kukatokea jambo baya kuliko yote. Karibu na mwaka wa 1898 dada wa Tabaro alianguka juu ya mkuki, akafa. Ilikuwa bahati mbaya, lakini lawama ilimwangukia Apolo. Walisema yeye ndiye mwuaji. Walimpiga, wakamfunga, wakampeleka ng'ambo kwa wakubwa wa serikali ya Waingereza kule Toro, ile pahali panapoitwa Fort Portal. Mule alitiwa gerezani na minyororo pamoja na wafungwa wengine.

Tuwaze, wandugu. Si miaka mingi mbele, pale pale Toro, watu walikuwa wakimheshimu kama mwalimu wa Injili. Sasa anarudishwa mbele yao na kamba, kama mwuaji. Wale waliomwambia asiende Boga wanaweza kutikisa kichwa. Wanafunzi wake wa Boga wako wapi? Kazi yake iko wapi? Kama mtu angepima maisha ya Apolo ile siku, kama vile sisi tunavyopima kwa pointi za mwisho wa trimestre, angeandika kwamba ameshindwa, aondoke.

Moyo wake ulivunjika. Ni vizuri tuseme wazi, kwa sababu wengi wanaeleza maisha ya watu wa Mungu kana kwamba hawakuwa na mifupa ya kuumia. Eliya, mtu aliyeita moto toka mbinguni, alikaa chini ya mti akaomba kufa, tunasoma katika 1 Wafalme 19. Musa alijitetea mbele ya Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Yeremia alisema yeye ni mtoto. Na Apolo katika siku zile za fimbo na minyororo aliingia katika giza lile lile.

4. MWANGA KATIKA GIZA

Katika siku zile za mateso kukamtokea Apolo jambo ambalo alilishuhudia mpaka uzee wake. Usiku mmoja alimwona mtu mwenye kung'aa kama jua. Mtu yule alimwambia ajipe moyo, kwa kuwa yuko pamoja naye. Apolo akauliza anayesema naye ni nani. Akajibiwa kwamba ni Yesu Kristo, na kwamba awahubirie watu wake wala asiogope.

Ni hayo tu. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara ninaona kitu ambacho sikukiona kwanza.

La kwanza, Bwana hakumwambia Apolo kwamba yeye ni hodari. Hakuhesabu mbele yake vipawa vyake. Sisi, wakati tuna mashaka juu yetu wenyewe, tunatafuta mtu atuambie kwamba tuna akili, tuna uwezo, tuko wazuri. Rafiki anatuambia, tunafurahi mpaka jioni, na asubuhi mashaka yanarudi. Apolo aliuliza juu ya yule aliyesema naye, na jibu lilikuwa juu ya yule Mwingine, si juu ya Apolo. Swali la kwamba mimi ni nani halikujibiwa. Lilijibiwa lile la kwamba nani yuko pamoja nami.

La pili, minyororo haikuanguka. Petro alipokuwa gerezani malaika alimfungulia mlango. Kwa Apolo haikuwa hivyo. Kesi ilibaki, na Tabaro alibaki adui. Kilichobadilika ni mtu aliyekuwa ndani.

La tatu, alirudishiwa kazi yake. Hakuambiwa apumzike, wala hakupewa kazi nyingine iliyo rahisi. Aliambiwa awahubirie watu, yaani wale wale. Ni sawasawa na Eliya, ambaye Mungu alimpa mkate na maji na usingizi, kisha akamtuma arudi njia aliyotoka. Imani haikumwondoa Apolo katika kazi iliyomshinda. Ilimrudisha mule.

5. KURUDI BOGA

Apolo aliachiliwa. Sasa alikuwa na njia mbili mbele yake. Njia moja ilikuwa ya kurudi Buganda, kwa jamaa yake. Nani angemlaumu? Njia nyingine ilikuwa ya kushuka tena Semliki na kupanda Boga, kwa watu waliomwita mwuaji. Alishuka Semliki.

Na mwishowe Tabaro mwenyewe alikuja kusoma. Yule aliyempiga fimbo alikaa chini kama mwanafunzi mbele ya mtu aliyempiga. Alibatizwa, akaitwa Paulo, jina la yule mtesaji mwingine aliyekutana na Yesu njiani. Kwa hivi Kanisa la Anglikana katika inchi yetu linahesabu kuzaliwa kwake toka siku zile za Boga, mwaka wa 1896. Halikuletwa kwanza na Wazungu toka Ulaya. Lililetwa na Mwafrika kwa miguu, na jembe begani.

Tarehe 21 Desemba 1900 Apolo aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka wa 1903 akawa pasta. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika Toro, akijenga makanisa na kufundisha walimu. Wakati ule wakubwa wa Ulaya walikuwa wakikata mipaka ya inchi zetu juu ya karatasi. Mwaka wa 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana juu ya mpaka, na Boga ikawa upande wa Kongo Belge. Kwa Kanisa ndogo la Boga ilikuwa shida, maana wachungaji wao walikuwa ng'ambo, katika serikali nyingine. Karibu na mwaka wa 1915 Apolo alirudi kukaa Boga, na huko ndiko alikaa mpaka kufa. Alikuwa amepita miaka 50.

6. MSITU

Kutoka Boga, ukiangalia upande wa jua linapozama, unaanza msitu mkubwa, ule wa Ituri. Ndani yake wanaishi Wambuti, watu wa kuwinda, ambao majirani wao wengi waliwazarau. Sisi wa Masisi na Walikale tunajua zarau ile, maana kwetu pia kuko Wambuti, na tunajua jinsi watu wengine wanavyowasema na kuwatendea. Tusijifanye kwamba ni habari ya zamani.

Mwaka wa 1921 Apolo alianza kuwafuata ndani ya msitu. Hesabuni miaka. Alikuwa na karibu miaka 57. Ni umri ambao mzee anakaa mbele ya nyumba na kungoja wajukuu wamletee maji. Hakuwa na mke wala watoto wa kuzaa wa kumtunza. Lakini alijifunza njia mpya, chakula kipya, watu wapya, ambao wakimwona tu walijificha nyuma ya miti. Alikaa nao polepole, akarudi, akakaa tena. Wengine waliamini, wakabatizwa. Mwaka wa 1922 Kanisa la Uganda lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kubwa la Namirembe, kule Kampala, lakini yeye alibaki Boga.

Nafikiri mtu aliyekuwa na ujana wa vita, aliyeitwa kwa jina la mzaha, aliyefungwa kama mwuaji, alijua vizuri namna gani mtu anajisikia wakati watu wanamwona si kitu. Ndiyo maana aliweza kukaa na wale walioonwa si kitu. Mashaka yake ya zamani hayakupotea bure. Mungu aliyatumia kama mtu anavyotumia majivu kutilia shamba.

7. KUFA KWAKE

Apolo alikufa pale Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa na miaka karibu 69. Mbele ya kufa alitoa agizo moja. Alitaka azikwe kichwa chake kikielekea magaribi, upande wa msitu, si mashariki upande wa kwao Buganda. Sababu yake ilikuwa kwamba kazi ya magaribi haijaisha. Hata katika kaburi alitaka kuwa kama mtu aliye njiani.

Na kazi iliendelea kweli. Toka Boga Kanisa lile lilienea polepole katika Ituri na Kivu na mbali zaidi. Mwaka wa 1972 Boga ikawa makao ya diosezi ya kwanza, na mwaka wa 1992 Kanisa la Anglikana la inchi yetu likawa jimbo lenye kujitegemea, lenye askofu mkuu wake. Apolo hakuona hata kimoja cha vitu hivi. Aliona watu wachache tu na msitu mrefu.

8. MAFUNZO KWETU

Wandugu na wadada, sitaki kuwahubiria, hiyo ni kazi ya pasta wetu. Lakini kama doayeni ninaomba niseme machache.

Sisi finalisti tunaenda kwenye Mtihani wa Serikali na woga mwingi. Wengi wetu tumesoma kwa kukatakata juu ya vita. Tumekimbia, tumerudi, tumekuta madaftari yameoza. Sitawadanganya kwamba mtu akiomba basi atapita. Apolo aliomba, na minyororo ilibaki. Mtu anaweza kuomba kwa kweli na bado asipite, na Mungu hajamwacha. Lakini mtu asiseme kwamba yeye hafai kwa sababu ameshindwa mara moja ao mara mbili. Kushindwa ni jambo lililotokea. Si jina la mtu.

Tena, tukumbuke jembe. Mtu mwenye mashaka juu ya hesabu afungue daftari la hesabu. Mtu anayeogopa kusema mbele ya watu asimame aseme maneno matano. Moyo unakuja wakati mikono iko kazini. Mimi mwenyewe ninawaambia kwamba woga wangu wa mustari haujaisha. Kila asubuhi magoti yanatetemeka kidogo. Lakini nimeacha kujiuliza kama ninafaa. Ninaomba, ninachukua filimbi, ninapiga. Na kumbe filimbi inalia vilevile, hata mikononi mwa mwoga.

La mwisho ni juu yangu na ninyi viongozi wenzangu wa kalasi. Bwana alimtia Apolo moyo wakati wengine wote walikuwa wakimhesabia makosa. Mimi nilimwandika mwenzangu katika orodha siku tatu bila kumwuliza kwa nini anachelewa. Ningeuliza, ningejua mapema mzigo aliokuwa nao. Orodha ni lazima, shule haiwezi kwenda bila orodha. Lakini kabla ya kuandika jina la mtu, tumwulize habari yake. Huenda ni yeye anayekaa chini ya mti wa Eliya, na sisi tunamwongezea jua.

Tukisimama hapa Nyabiondo na kuangalia magaribi, tunaona barabara ya Walikale inaingia katika msitu, sawa na ile njia ya Boga. Kila mara nikiiangalia sasa ninakumbuka mzee yule aliyelala na kichwa chake upande huo.

Karatasi hizi zikitoka, nakala moja sitaiweka pamoja na zingine. Nitaibeba mwenyewe Jumamosi, nipande mpaka kwao yule ndugu yetu, kabla kaka yake hajamchukua. Sijui kama atakubali kurudi. Sitamwambia kwamba ana akili nyingi, maana atajua ninamfurahisha tu. Nitamwelezea habari ya Apolo, nitamwomba radhi juu ya ile orodha, na nitamwambia kwamba benchi lake halijakaliwa na mtu mwingine. Mutuombee sisi wawili.

Mungu awabariki.

Doayeni wa shule, kalasi ya mwisho